Dume Aingie Januari: Uzazi wa Ng'ombe kwa Mfugaji Mdogo wa Mweru

Kando ya Ziwa Mweru utajiri wa mtu umezoea kuhesabiwa kwa nyavu, mitumbwi na mashamba ya mihogo. Ng'ombe ni wachache ukilinganisha na Mkoa wa Kusini au wa Magharibi wa Zambia, na uchache huo una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia bonde la Luapula na mwambao wa Mweru, na utawala wa kikoloni ukahamisha vijiji kutoka kando ya maji. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime ameandika kwa kirefu jinsi hatua hiyo ilivyovuruga uvuvi na maisha ya watu. Mbung'o, wanaobeba malale ya binadamu na nagana ya ng'ombe, ni sababu moja kubwa iliyofanya ufugaji usishike mizizi huku.

Hata hivyo wafugaji wapo. Nchelenge, Kashikishi, Mwansabombwe karibu na maji ya Mofwe, na juu kule Kawambwa, utakuta familia yenye majike watano, wanane au kumi. Wengine wamewanunua kwa fedha ya samaki, na wengine wamerithi wawili watatu kwa mjomba. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ndugu zetu waliotoka Kongo wanaoishi Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018, ambao nao wangependa siku moja kuwa na zizi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: mbona ng'ombe wangu hawazai kila mwaka? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba dume ni dhaifu. Mara chache ni kweli. Mara nyingi dume hana kosa. Jike hakuingia joto, kwa sababu wakati wa kuingia joto ulimkuta amekonda na ananyonyesha mchana kutwa. Tusipolielewa hilo tutabadilisha madume kila mwaka, na ndama wataendelea kuwa wale wale wachache.

Hesabu ya siku 80

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 285 hivi, na kwa ng'ombe wa asili wenye nundu inaweza kuzidi kidogo. Mwaka una siku 365. Toa 285, zinabaki 80. Jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku hizo 80 tu, tangu alipozaa hadi atakaposhika mimba nyingine. Siku 40 hivi za mwanzo tumbo la uzazi linarudi katika hali yake. Kwa hiyo nafasi ya kweli ni siku 40 nyingine, na kwa kuwa joto hurudi kila baada ya siku 21, hizo ni nafasi mbili tu za kupandwa.

Sasa tuchukue kundi la majike wanane. Wakizaa kila baada ya miaka miwili, utapata ndama wanne kwa mwaka. Wakizaa kila baada ya miezi 14, utakaribia ndama saba. Eneo la malisho ni lile lile, mchungaji ni yule yule, na dawa ya kupe ni ile ile. Ndama watatu wa ziada wanatokana na kupanga miezi na kutunza mwili wa jike.

Chagua miezi mitatu

Wengi wetu tunamwacha dume atembee na kundi mwaka mzima. Matokeo yake ndama wanazaliwa mwezi wowote. Anayezaliwa Juni anamkuta mama yake akiingia kiangazi. Maziwa yanakauka mapema, mama anakonda, na joto halirudi mpaka mvua ya mwaka unaofuata. Hapo umepoteza mwaka.

Huku mvua huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, na hukoma Aprili. Nyasi zina nguvu zaidi kuanzia Desemba hadi Machi. Jike anayekula nyasi hizo ndiye anayeingia joto na kushika mimba. Kwa hiyo dume aingie kundini tarehe 1 Januari na atoke tarehe 31 Machi. Ndama wa kwanza watazaliwa katikati ya Oktoba, na wa mwisho karibu na tarehe 10 Januari. Mama anazaa mvua zinapokaribia au zimekwisha kuanza, maziwa yanapanda pamoja na nyasi, na siku zake 80 zinaangukia wakati wa neema.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Mweru ataiona mara moja. Ziwa hufungwa kwa uvuvi kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi miwili ya kwanza ya dume inaangukia wakati wenye nyavu wako nyumbani. Tumia nafasi hiyo kulikagua kundi asubuhi na jioni, kazi ambayo wakati wa uvuvi huachiwa mtoto.

Usifanye mageuzi yote kwa mwaka mmoja. Ikiwa ndama wako wanazaliwa ovyo, mwaka wa kwanza mpe dume miezi mitano, Desemba hadi Aprili. Mwaka wa pili mpe minne. Wa tatu, mitatu. Mitamba wanaopandwa kwa mara ya kwanza waanze Desemba, mwezi mmoja kabla ya mama zao, kwa sababu baada ya kuzaa ndama wa kwanza wao huchelewa zaidi kurudi kwenye joto: bado wanakua na wakati huo huo wananyonyesha.

Utaniuliza: dume nitamweka wapi miezi tisa, nami sina uzio? Ni swali la haki. Njia inayowezekana ni dume kukaa kwa jirani mwenye maksai watupu, achungwe pamoja nao upande mwingine wa kijiji. Kama hilo haliwezekani kabisa, hasi madume wengine wote na mbakize yule uliyemchagua, halafu andika tarehe ya kila jike aliyepandwa. Hata bila kutenga msimu, kuijua tarehe kunakusaidia kujiandaa.

Weka mkono mgongoni

Macho hudanganya, hasa ng'ombe akiwa na manyoya marefu au tumbo lililojaa nyasi kavu. Simama nyuma ya jike, kidogo upande wa kushoto. Weka kiganja kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mahali pale palipo na ncha za mifupa ya mgongo zilizotokeza pembeni. Kama vidole vinaingia kati ya ncha moja na nyingine na zinakuchoma, huyo ni alama 1. Kama unazihesabu kwa urahisi lakini zimeanza kufunikwa, ni 2. Kama inabidi ubonyeze ndipo uzisikie, ni 3. Kama huzisikii hata kwa kubonyeza, ni 4, na mwenye mafuta yanayotikisika shina la mkia ni 5.

Jike azae akiwa na alama 3, au walau 2 na nusu. Anayezaa akiwa na 1 au 2 atanyonyesha kwa mwili wake mwenyewe, na joto lake litasubiri. Kumnenepesha baada ya kuzaa ni vigumu na ni ghali, maana chakula chote kinakimbilia maziwa. Kwa hiyo pima mara tatu kwa mwaka: Juni mnapoachisha ndama, Agosti kiangazi kinapokaza, na Januari dume anapoingia. Kipimo cha Agosti ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu bado una miezi miwili ya kumsaidia aliyekonda kabla hajazaa.

Chakula cha kiangazi kipo karibu

Kuanzia Julai nyasi za juu zinabaki fito tupu. Kinachokosekana hasa ni protini. Bila hiyo, hata nyasi kavu zilizopo tumbo haliwezi kuzisaga vizuri. Mabua ya karanga yaliyokaushwa kivulini yakiwa bado na majani ni hazina, na wengi wetu huyachoma moto shambani. Kilo moja hadi mbili kwa siku, kwa jike aliyebakiza miezi miwili kuzaa, zinaleta tofauti inayoonekana mgongoni. Mashina ya viazi vitamu nayo ni mazuri.

Mihogo tunayo tele, lakini ina sumu, hasa ile michungu. Majani yakatwe, yanyauke, kisha yaanikwe juani hadi yakauke kabisa. Maganda yakatwekatwe na kukaushwa vivyo hivyo. Usimpe kamwe ng'ombe mwenye njaa majani mabichi au maganda mabichi. Sumu ile huua kwa muda mfupi.

Mabonde ya maji, yale tunayoyaita dambo, hubaki kijani hata Septemba na yanavuta ng'ombe wote. Yatumie kwa tahadhari, kwa sababu konokono wa majini wanabeba minyoo bapa ya ini. Jike mwenye minyoo hiyo anakonda bila sababu ya wazi, na wengine huvimba chini ya taya. Zungumza na afisa mifugo kuhusu dawa ya minyoo bapa mwanzoni mwa kiangazi na tena mvua zinapoanza.

Kuna dalili nyingine inayoonekana sana huku na kupuuzwa. Ng'ombe amesimama njiani, shingo ameinyoosha, anatafuna mfupa mkavu kwa muda mrefu. Hiyo ni njaa ya fosforasi. Mvua nyingi za ukanda wetu zimesafisha madini kwenye udongo, na nyasi zake zina fosforasi kidogo. Jike mwenye upungufu huo hukaa bila joto au hupandwa tena na tena bila kushika, na mfupa wenyewe unaweza kumletea sumu ya kupooza. Chumvi ya kawaida haitoshi. Nunua chumvi ya madini yenye fosforasi, iweke kwenye kihori chenye paa isilowe, na ikae humo mwaka mzima.

Mama apumzike kunyonyesha

Ndama anayenyonya saa zote anauambia mwili wa mama usijiandae kwa mimba nyingine. Kwa ng'ombe wetu wa asili nguvu ya unyonyaji huo ni kubwa sana. Ndama akifikisha mwezi mmoja na nusu na akiwa na afya, mtenge na mama yake, anyonye asubuhi na jioni tu, na katikati apewe nyasi laini na maji. Njia nyingine ni kumtenga kwa saa 48 mara moja, dume akiwa kundini. Baadhi ya majike huingia joto siku chache baadaye. Usifanye hivyo kwa ndama dhaifu.

Kuachisha kabisa kufanyike ndama akiwa na miezi saba au minane, ambayo kwa waliozaliwa Oktoba na Novemba ni Juni. Mama anabaki na miezi minne kabla ya kuzaa tena, na nyasi bado hazijaisha zote. Jike aliye na alama chini ya 2 mwachishe mapema, ndama akiwa na miezi mitano, mradi una chakula cha kumpa ndama.

Dume mmoja, wenye ng'ombe watano

Mwenye majike watano hahitaji dume wake peke yake. Dume mzima mwenye afya anatosha majike 25 hadi 30. Kijana wa miaka miwili apewe 10 hadi 15. Majirani wanne au watano wakiungana wanapata dume bora kuliko ambaye mmoja angeweza kumnunua.

Jambo la kwanza, mkague kabla ya Januari. Atembee bila kuchechemea, kwato zake ziwe sawa, macho maangavu. Korodani ziwe mbili, zinalingana, ngumu kiasi bila uvimbe, na zishuke vizuri. Dume wa miaka miwili mwenye mzingo wa korodani wa sentimita 30 au zaidi anatia moyo. Kisha mwangalie akipanda kwa macho yako mwenyewe, kwa maana wapo wenye hamu wasioweza kumaliza kazi.

Jambo la pili ni undugu wa damu. Kwa kuwa ng'ombe wa huku walianzia na wachache walioletwa, ni rahisi dume kumpanda binti yake bila mtu kujua. Ndama wa namna hiyo huzaliwa wadogo, hukua polepole, na uzazi wao hushuka. Dume asizidi miaka mitatu katika kundi moja. Kabla binti zake hawajafikia kupandwa awe ameondoka. Badilishaneni na kikundi cha kijiji cha mbali. Madume wadogo wahasiwe kabla ya kufikisha mwaka, maana wakifika hapo wanaweza kumpa mimba mtamba ambaye bado ni mdogo mno kuzaa. Mtamba apandwe akiwa amefikia kiasi cha asilimia 65 ya uzito wa jike mzima wa aina yake.

Jambo la tatu ni magonjwa. Brusela hutupisha mimba, hasa mwezi wa tano hadi wa nane. Yapo pia magonjwa mawili, trikomonasi na kampilobakta, ambayo dume huyabeba bila kuonyesha dalili hata moja na kumpa kila jike anayempanda. Ukiona majike wenye mwili mzuri wanarudia joto mara nyingi, kwa siku zisizolingana, mshuku dume na umpimishe. Kukodisha dume mzee anayezunguka vijiji ni kukaribisha balaa. Dume kijana ambaye hajawahi kupanda ndiye salama zaidi.

Ukinunua ng'ombe Mbala, Nakonde au Mkoa wa Kusini, pata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo. Ndigana kali inayoenezwa na kupe na homa ya mapafu ya ng'ombe vinajulikana katika baadhi ya sehemu hizo. Mgeni akae peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, na apimwe brusela.

Wengi huuliza kuhusu uhimilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mbegu zilizohifadhiwa, bila dume. Kituo cha taifa cha huduma hiyo kiko Mazabuka, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu, na mbegu zinahitaji kukaa kwenye baridi kali bila kukatika. Zaidi ya hapo, joto la ng'ombe wetu ni fupi, mara nyingi chini ya saa 12, na huja usiku. Kwa kundi dogo la huku, dume mzuri anayegawanywa vema ndiye njia ya uhakika. Ikiwa ofisi ya mifugo italeta huduma kwa kikundi, jiungeni na muwe na majike wenye alama 3. Waliokonda hawatashika, na mbegu itapotea.

Kulijua joto

Hata ukiwa na dume, jifunze dalili. Nenda zizini alfajiri kabla hawajatoka na jioni wakishatulia. Jike mwenye joto husimama tuli mwenzake anapompanda. Hiyo ndiyo dalili ya kuaminika. Ute mwangavu kama wa yai hutoka na kunata mkiani. Manyoya ya juu ya mkia yamevurugika na mbavu zina tope la miguu ya wenzake. Andika tarehe, hesabu siku 21, kisha uangalie tena. Asiporudi, pengine ameshika. Uhakika utaupata Mei au Juni afisa mifugo akimpapasa kupima mimba.

Siku ya kuzaa

Jike akizaa salama hahitaji mikono yetu. Lakini chupa ya maji ikishapasuka na saa mbili zikapita bila ndama kusogea, tafuta msaada. Ndama anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa sita, na kitovu chake kipakwe iodini. Kondo la nyuma linatakiwa litoke ndani ya saa 12. Likibaki hadi kesho yake, usilivute; mwite mtaalamu, kwa sababu tumbo lililochanika au kuoza ndilo mwanzo wa utasa.

Mimba ikitupwa, usiiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki, izike kwa kina au ichome, na uwaweke mbwa mbali. Brusela inaingia kwa binadamu, na inaleta homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Wajawazito wasisogee hapo kabisa. Maziwa yachemshwe kila siku. Mwombe afisa wa mifugo achukue damu, na uulize kuhusu chanjo ya brusela ya S19 kwa mitamba wa miezi mitatu hadi minane, ambayo hutolewa mara moja tu na mtaalamu. Mahali penye mbung'o, kutupa mimba kunaweza pia kutokana na nagana. Dawa ipo, lakini kipimo kitangulie.

Nani abaki

Juni, baada ya kupapasa, kundi linajigawa lenyewe. Mwenye mimba anabaki. Asiye na mimba, mwenye mwili mzuri, aliyekaa na dume aliyepimwa kwa msimu mzima, auzwe Julai akiwa bado ana uzito, kabla kiangazi hakijamla. Ni uamuzi mgumu, hasa ikiwa ni jike aliyetoka kwa marehemu baba. Lakini nyasi zake za Septemba zingemwokoa mwenzake mwenye mimba. Aliyekonda ambaye hakushika mpe mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa kosa si lake. Ni la chakula. Mitamba ya kubakiza itoke kwa mama wanaozaa mapema katika msimu kila mwaka, maana tabia hiyo hujirudia katika vizazi.

Yote haya yanahitaji daftari moja la shule. Kila jike apewe ukurasa wake: jina, tarehe ya kuzaa, tarehe ya joto, alama ya mgongo mara tatu kwa mwaka, na jina la dume. Mama au kijana wa nyumbani anayejua kuandika alishike.

Ushauri wangu wa mwisho ni huu. Waite majirani wenye ng'ombe, kaeni pamoja mapema katika kiangazi, mkubaliane dume ni nani, nani atamlisha, atapimwa lini, na kila mmoja atachangia nini. Mjadiliane pia nani atakusanya mabua ya karanga yasichomwe. Mkutano huo umalizike na afisa mifugo awe ameitwa kabla ya Desemba, ili tarehe 1 Januari dume aingie akiwa mzima, na awakute majike walio tayari.